Jumamosi Niliyotembea na Rabi

Mimi si mtu wa subira. Mamangu alilisema tangu niko mdogo: huyu mtoto hasira zake ziko puani. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza nilipopewa rabi wa kumwendesha, pale Doha, nilimrudishia mudiri, meneja wetu madereva, ufunguo wa gari mezani. Nikamwambia, mimi mtoto wa Mombasa, nimelelewa madrasa, madereva wote hawa umenitafuta mimi kwa Myahudi? Mudiri hakuinua hata macho. "Wewe unajua Kiingereza na hugombani na wageni," akasema. Uongo mtupu. Nilikuwa nagombana nao wote.

Rabi alikuwa akija kila mwaka kwenye mkutano wa dini, ule ambao masheikh, mapadri na marabi hukaa meza moja siku chache, wakapeana mikono mbele ya kamera, kisha kila mmoja akashika njia yake. Alikuwa mfupi, ndevu nyeupe mpaka kifuani, koti jeusi hata kwenye joto la kukausha papa. Alitoka nchi moja ya baridi huko Ulaya. Chakula cha hoteli hakukigusa. Alikuja na mikate yake, samaki wa kopo na sufuria moja ndogo, na akiomba matunda alitaka yasiyokatwa. Siku ya kwanza nilidhani ni maringo. Siku ya pili nikamwuliza, naye akanieleza habari za nyama na maziwa na kisu cha kuchinjia, nikajikuta nacheka, maana marehemu babangu alikuwa hivyo hivyo, haonji nyama ya mtu mpaka ajue nani kachinja.

Ndani ya gari ndipo nilipomjua. Kumbe kwao hakuwa mtu wa kukaa sinagogi na vitabu tu. Nje ya mji wake kulikuwa na jengo ambamo serikali iliwafungia watu wasio na makaratasi, wengi wao Waafrika na Waarabu, wakingoja kurudishwa walikotoka. Rabi na wenzake walikuwa wakienda kukaa chini mbele ya lango ili mabasi yasipite. Polisi walimbeba mara nyingi, mikono huku, miguu kule, kofia inabaki njiani. Mkewe humfuata kituoni na chakula, akamgombeza mbele ya askari mpaka askari wakamhurumia.

"Na waumini wako wasemaje?" nilimwuliza siku moja.

"Baadhi hawaswali tena nyuma yangu," akasema. "Wanasema rabi asome, siasa awaachie wanasiasa." Lilimuuma hilo, nililiona kwenye kioo. "Lakini kwetu kumkomboa mateka kunatangulia hata kumlisha maskini. Mtu anaruhusiwa kuuza hata kitabu kitakatifu, mateka atoke."

Basi nikampenda. Sikupanga, lakini nikampenda, na kila mwaka mkutano ukikaribia nilimwendea mudiri mwenyewe kumwuliza rabi wangu anafika lini. Niliyekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, dereva mwenzangu wa Kakamega, Mkristo wa kufunga na kukesha, alikuwa akinichokoza: "We jamaa, utarudi Mombasa na kofia nyeusi, mathe azimie."

Mathe, mamangu, ndiye aliyenivuruga mwaka ule ninaotaka kuusimulia. Dada yangu alipiga simu akilia. Mama amelala, maradhi ya figo, asubuhi hatambui mtu, jioni anatambua, na kila akitambua swali lake ni moja: kijana wangu yuko wapi? Njoo, dada akasema. Njoo wakati bado anauliza.

Sasa, Qatar siku zile hutoki kama unavyotoka nyumbani kwako. Lazima upate khuruji, ruhusa ya kafili, yaani yule mwenyeji ambaye kwa jina lake uliingia nchini kufanya kazi. Bila khuruji, ukifika uwanja wa ndege na tiketi yako mkononi, unageuzwa. Nikamwendea mudiri. Akasema msimu wa mikutano haujaisha, nisubiri. Nikamwambia mamangu anakufa. Akasema, "Kila dereva ana mama."

Wallahi, ngumi ilikuwa imeshakunjwa. Mkakamega ndiye aliyenishika kiuno akanitoa nje. "Tulia, bana," ananiambia. "Ukimgonga huyu, wewe ni jela, na mathe humwoni tena. Tulia." Nikalia pale pale kwenye maegesho ya magari, mtu mzima na sharubu zangu.

Siku ya pili yake, Alhamisi, rabi aliyaona macho yangu kwenye kioo. Akauliza, nikasema yote. Akapiga kiti kwa kiganja. "Kesho nasimama mkutanoni! Nitasema mbele ya wakubwa wote: dereva aliyenileta hapa ni mateka!"

Nikaegesha gari kando ya barabara. Nikageuka nikamtazama. "Mzee wangu, ukinitaja, wewe utapanda ndege urudi kwa mkeo, mimi nitabaki hapa na mudiri. Nyumba ya udongo haihimili vishindo. Nakuomba, usinitaje."

Akawa mwekundu. Akasema wanaofunga watu hawapendi kitu kama kimya cha waliofungwa. Nikamwambia maneno hayo matamu sana mdomoni mwa mtu mwenye pasipoti mfukoni. Tukagombana kweli kweli, tukafika hotelini hatusemezani, na nilipomfungulia mlango hakunitazama.

Ijumaa mchana, nimetoka kuswali, simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Umesema kweli," akasema. "Mimi nikipiga kelele, hakuna la kunipata zaidi ya kubebwa. Wewe si hivyo. Nisamehe. Sasa niambie, juu ya mudiri kuna nani?"

Nikamwambia kuna kafili mwenyewe, mzee wa Kiqatari, baraza lake liko upande wa pili wa Al Mansoura, huwa wazi kwa wageni baada ya alasiri. Mimi dereva tu, nikienda peke yangu mudiri atajua kabla sijavua viatu. Lakini mgeni wa mkutano hafukuzwi mlangoni. Na tena mzee anasafiri Jumamosi jioni kwenda matibabu ng'ambo, hajulikani atarudi lini.

"Kwa hiyo ni kesho," akasema rabi.

"Ni kesho."

"Kesho ni Sabato. Sipandi gari. Tutatembea."

Nikamwambia ni mbali. Akaniuliza kama mamangu yuko karibu.

Basi Jumamosi mchana nikamfuata hotelini kwa miguu. Nilimkuta amesimama ndani ya ukumbi, hatua chache kutoka ule mlango wa kioo unaofunguka wenyewe, hausogelei. Nimeshamjua: Sabato hagusi umeme, na kusogelea mlango ule ni sawa na kuuwasha. Alikuwa ameshuka ngazi kutoka ghorofa ya juu, jasho linamtoka, sasa anangoja mtu aingie ili yeye atoke. Mimi nikaingia, yeye akatoka, nami nikatoka nyuma yake. Mabawabu wawili Waganda walitutazama wakadhani tunacheza.

Barabarani siku hiyo hawezi kubeba kitu, hata leso, wala hawezi kuniambia mimi nimbebee. Kwa hiyo nilikuwa na chupa mbili za maji.

"Chupa mbili?" akauliza.

"Mimi nina kiu sana," nikamwambia. "Na nikishindwa kuzimaliza, sitaki kumwaga."

Akacheka mpaka akakohoa. Kwenye taa za barabarani kuna kile kitufe cha kubonyeza ili magari yasimame. Hakigusi, nacho sikuambiwa nikibonyeze. Nikakibonyeza kwa ajili yangu mwenyewe, nikavuka, naye kwa bahati tu akavuka pamoja nami. Wafanyakazi wa ujenzi, ambao ndio peke yao wanaotembea Doha, walikuwa wakisimama kutuangalia. Njia nzima rabi aliniuliza habari za mamangu: anapika nini, anaimba, ananiitaje akikasirika. Alasiri ikatukuta njiani. Nikaingia msikiti mdogo kuswali, yeye akakaa nje kivulini, na nilipotoka nilimkuta watu watatu wa Kibangla wamemletea kiti.

Tulipofika barazani, miguu yake ilikuwa inatetemeka. Mzee wa Kiqatari alikuwa amekaa kwenye mto, fimbo pembeni, na wageni wachache wameegemea ukutani. Aliinuka. Mtu anayejiandaa kwenda hospitali aliinuka kumpokea, akamkalisha kuliani kwake. Mimi nikakaa karibu ya mlango, niwe mkalimani kwa Kiarabu changu cha barabarani. Mmimina kahawa akaja na birika la shaba na vile vifinjani visivyo na mkono, akammiminia rabi kwanza.

Rabi akapokea kwa mkono wa kulia, akainamisha kichwa, akakiweka kifinjani zuliani mbele yake. Hakunywa.

Wageni wote wakageuka kukitazama kile kifinjani. Kwa sababu mtu aliyekaa Ghuba anajua: mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, anasema kwa kitendo kwamba amekuja na haja nzito, na hatagusa kitu cha mwenye nyumba mpaka akubaliwe. Ni desturi ya mababu zao, si kitu cha kuchezea. Na rabi wangu hajui! Yeye yuko na Sabato yake, anawaza nani kachemsha na lini, maana kinachopikwa siku ya Sabato kwa ajili yake hakinywi.

Mzee akamtazama. Akanyoosha mgongo. "Sema haja yako, ewe mgeni."

Nikatafsiri. Rabi akasema kwa upole, hakuna kelele, hakuna lango la kukalia: "Mama wa mtu huyu ni mgonjwa sana, anamwita. Naomba umruhusu aende."

Mzee akanitazama mimi kule mlangoni. Nadhani alikuwa hajapata kuniona. Akauliza nani alikataa, nikasema mudiri. Akarudisha macho kwa rabi, akasema lile neno wanalolisema wao: "Kunywa kahawa yako. Ulichokijia umekipata."

Yarabi! Nilitafsiri huku nimeshainuka nusu. Na rabi badala ya kufurahi, akakunja uso.

"Kwa nini anasema kunywa?"

Nikamweleza upesi upesi kwa Kiingereza, mambo ya desturi. Akaelewa. Akatikisa kichwa. "La. Mwambie sikuiweka chini kwa sababu hiyo. Mwambie ni Sabato yangu. Siwezi kuchukua jambo hili kwa udanganyifu."

Haki ya Mungu, nilitaka kumziba mdomo na ndevu zake. Nikamwambia nimeuma meno, mzee, nyamaza, nakuomba. Akanitazama, macho yamejaa maji, lakini hakunyamaza. "Mwambie," akasema. "Mimi nitakaa hapa mpaka akubali kwa hiari yake. Lakini mwambie."

Nikasema. Nilisema yote, nikijua namwua mamangu kwa ulimi wangu.

Mzee wa Kiqatari alisikiliza mpaka mwisho. Akachezea fimbo yake. "Mwambie," akasema, "nilimwuliza anataka nini. Sikumwuliza kwa nini hanywi. Neno limeshanitoka, na mimi neno langu silirudishi tumboni." Akamwita mwanawe, akamwamuru ampigie mudiri simu saa hiyo hiyo, mbele yetu.

Rabi akafunga macho. Kisha akaniambia niulize kahawa ilipikwa saa ngapi, na kwa ajili ya nani. Mmimina kahawa akashangaa, akasema imepikwa tangu adhuhuri, kwa yeyote atakayekuja. Rabi akafikiri, midomo inacheza. Akakiinua kifinjani, akasoma dua yake kwa sauti ndogo, akanywa. Miaka yote ya Doha sikuwahi kumwona akipokea kitu kilichopikwa kutoka mkono wa mtu. Mmimina akammiminia tena, na tena, maana rabi hakujua kwamba ukitosheka unatikisa kifinjani. Alikunywa kwa adabu mpaka nikamwonea huruma, nikamwonyesha. Wageni wakacheka, na mzee wa Kiqatari akacheka nao, akishika ubavu kwa maumivu.

Kesho yake nilipata khuruji. Usiku nikapanda ndege ya Mombasa.

Mama alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilifika asubuhi, asubuhi ndiyo saa yake mbaya, dada akaniambia usitegemee. Nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono, nikamlisha uji kwa kijiko, naye akala kama anavyolishwa na mtu yeyote. Jioni akanitazama kwa muda mrefu.

"Umekuja," akasema. "Nani kakuleta?"

Nikamwambia, mama, ni Myahudi mmoja, sheikh wao, mzee. Alitembea mji mzima juani kuniombea ruhusa kwa ajili yako. Akatafakari.

"Naye ana mama?"

"Sijui, mama. Sikumwuliza."

"Mwanangu! Mtu anatembea mji mzima kwa ajili ya mamako, nawe humwulizi wake?" Sauti ilikuwa ndogo, lakini hasira ilikuwa ile ile, nilirithi kwake. "Basi mwombee. Akiwa hai, akiwa kaburini, mwombee sasa hivi nisikie."

Nikaanza kumwambia kwamba wao ni dini nyingine, sijui kama inafaa. Akanifinya kidole, kwa nguvu zote alizobaki nazo. Nikainua mikono nikamwombea mama wa rabi, kwa sauti, na mamangu akaitikia amina.