Kivuli cha Mwezi wa Sita

Wifi yangu anafua nguo za watu. Hiyo ndiyo kazi yake tangu kabla marehemu kaka yangu hajamwoa, na ndiyo iliyomsomesha binti yao mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mtaani wanamwita Mama Kamba kwa ajili ya kamba zake za kuanikia, naye huitika bila kununa. Ninaandika habari zake kwa sababu nina hasira, na mimi si mtu wa hasira. Nimemwomba Mungu aniondolee, bado ipo, basi nimeona niitoe kwa kalamu.

Ua wake una upana wa hatua saba. Kusini kuna mlango wa chumba chake, kaskazini kuna ukuta wa jirani. Katikati ni saruji tupu, kwa sababu udongo huchafua mashuka. Anafua mashuka ya wodi ya wazazi ya hospitali ndogo iliyo karibu nasi, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kila Jumanne anayapokea, Alhamisi anayarudisha yamekunjwa, makavu, yananukia jua. Matroni wa wodi alikuwa akisema mama aliyejifungua akilazwa juu ya shuka la Mama Kamba anapona nusu kabla ya dawa.

Watu walimcheka kwa jambo moja. Misumari ya kamba zake imepigwa mistari miwili. Miezi ya joto jua la mchana hukaa upande wa kusini, paa la chumba chake likatupa kivuli uani, basi kamba anazipeleka kule kwenye ukuta wa jirani. Kikija kipupwe jua huhamia kaskazini, kivuli kikaanza kutoka ukutani, naye anazirudisha karibu na mlango wake. Mimi mwenyewe nilimtania.

"Wifi, kamba zako nazo zina likizo?"

"Zina akili kuliko wewe, wifi. Shika ncha hiyo, vuta."

Tena kila tarehe mosi, saa sita mchana, alikuwa akikwaruza saruji kwa msumari pale kivuli cha ukuta kilipoishia. Ukuta ulikuwa wa kimo cha mtu mrefu. Alama ya mbali kuliko zote ni ya mwezi wa sita, hatua moja na nusu kutoka ukutani. Miezi ya joto hakuna alama kabisa, maana kivuli kinaangukia kwa jirani. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja na alama zilikuwa zinajirudia mahali pale pale, zimekuwa mifereji midogo.

Basi jirani akauza. Aliyenunua tulimwita Bosi, kwa sababu alikuja akiwaita watu wote bosi, hata mzoa taka. Akasema anajenga ghorofa tatu, ukuta wake ukipanda moja kwa moja juu ya ule wa zamani, mrefu pia kwa ubavu kuliko ua wetu wote. Wifi akaenda kwake kwa adabu, amejifunga kitenge safi, akamweleza kwamba kipupwe hatapata jua hata kidogo.

Bosi akamsikiliza akiwa anachezea funguo. "Jua ni la Mungu, mama. Si la kwako wala la kwangu."

Nilikuwepo. Damu ilinichemka. Mtu hajawahi kumtaja Mungu kwa jema lolote pale mtaani, leo anamtaja apate kufunika dhuluma. Ni kweli jua ni lake. Ndiyo maana kulichukua ni kosa kubwa zaidi.

Tukapeleka malalamiko manispaa. Mwezi wa kumi na mbili ndipo akaja mpima majengo, kijana wa viatu vyeusi vya kung'aa, na karatasi zake kwenye ubao. Ilikuwa saa sita mchana. Ua umejaa jua mpaka saruji inauma miguu, na kivuli cha ukuta kimelala kwa Bosi mwenyewe.

"Kivuli kiko wapi, mama?" akauliza.

"Kitakuja mwezi wa sita, mwanangu."

Akacheka. Bosi naye, aliyekuja nyuma yake bila kualikwa, akacheka.

"Mama, jua linatoka mashariki, linazama magharibi. Hata mtoto anajua. Ukuta uko kaskazini. Utazuiaje jua?"

Wifi akamwonyesha alama zake. Mpima akazitazama kama unavyotazama michoro ya watoto ya kuchezea. Hapo ndipo binti yake, yule mwalimu, akasema, "Kaka, ngoja dakika mbili tu."

Akatoa meza nje. Akaweka katikati pasi ya mkaa, ina moto. Akachukua kipande cha sabuni kilichochakaa mpaka kikawa mviringo, akakichoma njiti ya ufagio katikati, juu mpaka chini. Halafu akatia nukta ya buluu ya kufulia, chini kidogo ya kiuno cha ile sabuni.

"Pasi ndiyo jua. Sabuni ndiyo dunia. Nukta ndiyo sisi. Sasa tazama, njiti haikusimama wima, imelala upande. Na siku zote imelalia upande wa mlango ule. Dunia inazunguka jua mwaka mzima, lakini ule mlalo haugeuki."

Akaipeleka sabuni taratibu kuizunguka pasi, njiti ikielekea mlangoni tu. Ilipofika upande mmoja, nusu ya chini ya sabuni ndiyo iliyoinamia moto. Ilipofika upande wa pili, nusu ya juu ikainamia moto, na nukta yetu ikawa kama imegeuziwa bega.

"Ule upande wa kwanza ni mwezi wa kumi na mbili," akasema. "Jua linatupiga kutokea kusini. Huu wa pili ni mwezi wa sita. Jua liko kaskazini, joto linatupata kwa mshazari, ndiyo kipupwe. Na ukuta wenyewe uko huko huko kaskazini."

"Baridi ya kipupwe ni kwa sababu jua linakwenda mbali," mpima akasema. "Nilifundishwa."

"Basi dunia nzima ingepoa pamoja. Mbona sisi tukichemka, wenzetu wa upande wa juu wanaganda?"

Binti akaendelea kwa upole, ule wa kumweleza mtoto asiyeelewa. "Ukuta wa kimo kimoja unatupa kivuli hatua moja na nusu mwezi wa sita. Huyu anajenga vimo vitano. Ni hatua saba na nusu. Ua una saba."

Mimi niliishia darasa la saba na nilielewa. Wifi hakufika hata huko, na alikuwa akijua kabla ya sabuni. Mpima alikuwa na diploma, alitwambia mwenyewe.

"Dada, mimi nakagua ninachokiona," akasema. "Leo ninaona jua." Akaandika kwamba jengo halina athari kwa jirani, akatia sahihi juu ya meza ile ile, akasogeza pasi kando asiungue.

Ghorofa ikapanda. Mwezi wa nne kivuli kilikuwa katikati ya ua. Wifi akarudisha kamba kwenye misumari ya kipupwe mapema, kikamfuata. Mwezi wa tano kilifika kwenye kizingiti. Mwezi wa sita ua wote ukawa kama chumba kisichokuwa na dari, kutwa nzima, na baridi inapanda kutoka kwenye saruji. Mashuka ya Jumanne yalikuwa mabichi mpaka Ijumaa. Aliyakausha kwa pasi moja baada ya moja mpaka viganja vikatoka malengelenge, na bado yalitoa uvundo.

Matroni alimwita pembeni. "Mama Kamba, nakuheshimu. Lakini hapa kuna vichanga. Mashuka yakija mabichi mara moja nyingine, nitampa mwingine kazi."

Wifi alinisimulia hayo akiwa amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, haangalii popote. Miaka ishirini na miwili. Sikuwahi kumwona amekaa mchana.

Tukaenda kwa mpima. Alikuwa anakunywa chai.

"Faili lilifungwa, mama. Ungelalamika wakati wa ukaguzi."

"Nililalamika. Ulikuwa uani kwangu."

"Wakati ule hapakuwa na kivuli. Sasa unataka nifanyeje? Kwani jua nimelihamisha mimi?"

Nilitamani kumwagia ile chai. Nasema kweli, Mungu anisamehe, niliipimia umbali kwa macho. Wifi yeye alisema tu, "Ahsante, mwanangu," akatoka.

Nikadhani amekata tamaa. Jumatano asubuhi akaja kunigongea. "Wifi, njoo unishikie beseni."

"Tunakwenda wapi?"

"Kuanika."

Mashuka thelathini mabichi, mabeseni mawili, tukayabeba mpaka manispaa. Mbele ya ofisi pana bustani yenye uzio wa vyuma, na jua pale halina cha kulizuia. Akaanza kuanika juu ya uzio, taratibu, akinyoosha kila pindo kama kawaida yake. Mimi nilimpokeza moja moja, nusu woga, nusu hasira, midomo inasali yenyewe. Mlinzi akaja.

"Mama, hapa si mahali pa kuanika."

"Kwangu manispaa imeandika kuna jua, na hakuna. Nimelifuata huku."

"Nani kaandika?"

"Kamwite aje alione."

Watu wakajaa. Mpima akatoka mbio, amesahau kalamu mdomoni. "Mama, unanidhalilisha."

"Mimi ninaanika, mwanangu. Wewe kagua unachokiona."

Watu wakacheka, na safari hii hakuchekwa yeye. Ndipo mkuu wake akatoka, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akauliza kuna nini. Wifi akamweleza bila kupandisha sauti. Yule mama akatazama mashuka, akamtazama mpima, akasema, "Twende sasa hivi."

Saa sita mkuu huyo alikuwa amesimama uani kwetu, amejikunyata, mikono imefumbatwa. Aliinama akapapasa zile alama kwa kidole, moja moja. Akamwuliza mpima, "Ulionyeshwa hizi?"

"Nilionyeshwa."

"Ukaandika nini?"



Lakini hata mkuu alisema kubomoa hawezi, kibali walikitoa wao wenyewe. Alichoweza ni kuandika amri kwamba Mama Kamba aanike juu ya paa la zege la Bosi, siku zote, bure, kwa ngazi ya nje, na mpima ndiye aiandike na kuipeleka. Bosi alipiga kelele kwamba paa ni mali yake. Yule mama akamwambia, "Na jua lililoko juu yake ni la nani?"

Alhamisi ile mashuka yalifika wodini makavu. Matroni aliyanusa, akayapokea, na habari ya kumpa mwingine kazi ikaisha.

Watu wananiambia tushukuru. Nashukuru. Lakini ngazi zile ni hamsini na nne, nimezihesabu, na beseni la mashuka mabichi ni mzigo wa wanawake wawili wenye magoti mabovu. Kila Jumanne namshikia upande mmoja. Tunapumzika mara tatu, na kila tunapopumzika tunauona ua wetu kule chini, mweusi, baridi, na saruji yake safi isiyofanya kazi yoyote. Mwenyezi Mungu aliiinamisha dunia kwa hekima yake ili kila upande upate zamu yake ya joto. Wifi aliisoma zamu hiyo kwa msumari miaka kumi na mmoja. Kijana yule hakutaka kuisoma hata kwa dakika mbili za sabuni na pasi, na mpaka leo hajasema pole. Wifi amekwisha kumsamehe. Mimi nikifika ngazi ya arobaini, bado.