Posa Iliyochelewa

Leo nimepewa sifuri na mwanafunzi wangu wa miaka ya tisini.

Tulialikwa mtaa wa Galbet saa kumi kumposea mwanangu. Nikawachelewesha wenzangu, nikitafuta kofia niliyokuwa nimeivaa.

Baba wa msichana akafungua mlango. Kumbe ni Abdi, niliyemfundisha hesabu za kalkulasi hapa Garissa!

Akasimama katikati ya mlango. "Maalim, kazi ikichelewa ilikuwa inapata ngapi?"

Nikajibu, "Sifuri."

"Hata kama ngamia wa baba wamepotea?"

"Hata kama."

Mwanangu alinitazama kama anayetaka kubadilishiwa baba.

Chai tulipewa, na kicheko pia. Jibu la posa hatukupewa. Tuliambiwa turudi kesho, saa kumi kamili.

Wanafunzi wangu wengine, semeni ukweli, nilikuwa mkali hivyo?

Kofia ameichukua mwanangu. Anasema nitaivalia mlangoni kwa Abdi.