Siku Niliyomvuta Pendo Ukumbini

Jamani, hili nalisimulia huku nimeinamisha uso, na anayetaka kucheka acheke tu, maana siku ile hata ukumbi mzima ulicheka. Mimi ndiye bado sijaweza.

Mwanangu Pendo ana miaka tisa na ana Down syndrome. Tangu akiwa mchanga daktari aliniambia watoto kama yeye wapimwe damu kila mwaka kuangalia tezi ya shingoni, kwa kuwa huwa inapunguza kazi kimyakimya. Sasa mwaka huo siku ya kipimo ikagongana na siku ya kwenda kwa fundi, maana mdogo wangu Rehema alikuwa na send-off yake, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na Pendo ndiye angetangulia mbele na kikapu cha maua. Nikachagua fundi. Nikasema hospitali haihami (ndiyo, ni mimi niliyesema hivyo).

Wiki ya sherehe gauni likagoma kufunga. Mtoto alikuwa amenenepa, na mimi badala ya kujiuliza nikampunguzia ugali, na yeye ambaye zamani akisikia muziki wa jirani anacheza mpaka uani, sasa alikuwa anashinda kitini amejifunika khanga na jua lote lile la Dodoma. "Mama, baridi," ananiambia. Nikamwambia aache visingizio.

Basi siku ikafika, muziki ukalia, wageni wamesimama na simu zao, mabosi wangu wa wizarani kule Mtumba wako meza ya mbele kabisa, na Pendo akapiga hatua chache, akasimama, akaketi katikati ya zulia, akalaza kichwa juu ya kikapu. Mshereheshaji akatania, "Mshika maua wetu kachoka, labda kaja kwa miguu kutoka Kibaigwa," watu wakaangua kicheko, nami aibu ikanipanda kichwani, nikatoka mbio na viatu vyangu virefu, nikamvuta mkono, zipu ikaachia mgongoni, nikazidi kuvuta, kumbe mshereheshaji ameinama pembeni yetu atusaidie na kipaza sauti kiko wazi, ukumbi mzima ukanisikia: "Inuka, mvivu wewe! Unaniaibisha mbele za watu!"

Kicheko kikakatika. Rehema, na gauni lake lote lile, akapiga magoti akamshika mtoto shavu.

"Dada, hebu mguse. Mtoto wa baridi huyu."

Nikamgusa. Alikuwa wa baridi kweli.

Hospitali walipompima wakakuta tezi imezorota muda mrefu, kwa hiyo ule unene, ule usingizi, ile baridi, vyote vilikuwa ugonjwa, na mimi nilikuwa nikiuadhibu kwa njaa. Daktari hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Sasa anameza kidonge chake kila asubuhi kabla ya chai, na uani anacheza tena. Kipimo chake hakitagongana na kitu kingine maadamu nipo hai, hata niitwe ofisini na waziri mwenyewe.

Kinachonimaliza ni video ya sherehe. Pendo anaipenda kwa sababu ya lile gauni. Rehema aliagiza kipande kile kikatwe, mtoto akalia mpaka kikarudishwa. Kila ikifika pale, sauti yangu ikisikika sebuleni, yeye anamtazama yule mwanamke kwenye televisheni anavyohangaika, kisha ananisogelea, ananishika mkono.

"Pole, mama."