Mpini Mfupi wa Baba

Juzi niliona dukani sururu yenye mpini mfupi, nikakumbuka harufu ya maranda kwa fundi Hamisi, seremala wa Mugumu. Nilikuwa bado mtoto, na baba alikuwa Kerende akichimba dhahabu. Alikuwa ametuagiza mpini mpya wa sururu bila kutaja urefu.

Mimi nilichagua mrefu kuliko yote, kwa kuwa hakuna mwanamume kijijini kwetu Machochwe aliyemzidi baba urefu.

"Rudisha huo, Bhoke," mama alisema, kisha akamgeukia fundi. "Baba Bhoke anachimba amekaa huko shimoni. Anasema juu ya kichwa haibaki hata nafasi ya ngumi."

"Angekuwepo mwenyewe ningempima," fundi alijibu.

"Nipime mimi."

Mama alikaza kitenge, akaingia chini ya meza ya kazi, akajikunja na kurusha mkono kama anayepiga mwamba. Fundi alikata mpini, akampa. Ukagonga mbao. Akakata tena, ukagonga tena. Vumbi la mbao lilimwingia mama machoni, lakini hakutoka mpaka mpini ulipopita bila kugusa popote.

Niliona aibu. Mpini ule ulikuwa kama wa watoto kuchezea, na nililia nikitaka ule mrefu. Njiani mama alitembea ameinamisha kichwa mpaka tukafika nyumbani. Nilidhani amenikasirikia.

Leo najua kwamba njia nzima mama alikuwa bado yuko chini ya ile meza.