Sinia la Firigisi

Tangu Desemba, Phylis alikuwa na jibu moja kwa maswali yote ya dunia: sawa. Pasta akimwambia ajipe moyo, sawa. Supavaiza wa kiwanda cha nguo pale EPZ akimtoa kwenye mashine ya kola na kumpeleka kwenye meza ya vifungo, sawa. Mwenye punda wa maji akimwambia leo maji hakuna, sawa, naye anarudi ndani na mitungi yake mitupu kana kwamba ameshateka. Majirani wa Kitengela walimsifu kwa uvumilivu. Mimi sioni sifa yoyote hapo. Mtu aliyeukalia mguu wake mpaka ukaingia ganzi hatumwiti mvumilivu, tunamwambia ainuke.

Kilichomtia ganzi ni kifo cha mumewe, Egessa, mtunza stoo wa kiwanda kimoja kule Athi River. Alilalamikia tumbo Jumatatu, Ijumaa akawa mochari. Walimsafirisha hadi kwao Funyula, wakamzika, mahema yakang'olewa, na Phylis hakutoa chozi hata moja. Wanawake wa boma walimzunguka wakingoja. Walipochoka kungoja walianza kunong'ona, na hayo pia aliyasikia na kuyaacha yapite. Alirudi Kitengela na bintiye Cindy, msichana wa miaka kumi na minne, akaendelea kwenda kazini, kupika, kufua, kulala. Chakula alikula kwa sababu saa ya kula ilikuwa imefika. Sukuma wiki, maharagwe, karatasi, vyote vilikuwa na ladha moja kinywani mwake.

Nyumba yao ilikuwa ndani kidogo ya barabara ya Namanga. Walipohamia, mwaka wa 1994, pundamilia walikuwa wakija kujikuna kwenye nguzo za ua, na watu wa kwao waliwacheka kwamba wamenunua udongo mweusi na upepo. Walijenga chumba kimoja, baadaye cha pili, baadaye jiko. Kufikia 2004 kicheko kilikuwa kimekwisha. Kila wiki broka mwenye viatu vinavyong'aa alibisha langoni kuuliza kama mama angependa kuuza. Phylis alimwambia atafikiria, broka akaondoka, na Phylis hakufikiria.

Aliyefikiria kwa niaba yake ni Wakhungu, kaka mkubwa wa marehemu. Alifika kutoka Funyula Alhamisi moja ya Agosti, na begi dogo na jogoo mwekundu ndani ya kikapu. Nitamtendea haki: hakuwa mtu mbaya. Alilibeba jeneza la mdogo wake begani bila kubadilishana na mtu. Lakini alikuwa mtu wa kupanga, na mtu wa kupanga akikuta mahali hakuna mpango hulala vibaya.

"Shemeji," alisema siku hiyo mezani, huku akijipakulia ugali mara ya pili, "mjane na msichana peke yao hapa nyikani, hiyo ni kuita shida. Jumapili wazee wetu wawili watatoka Rongai. Utachinja huyu jogoo. Utaniwekea imondo mbele yao, waone. Jumatatu tunaenda Kajiado, ofisi ya ardhi, unaweka sahihi, ploti iuzwe, mrudi nyumbani. Sindio?"

"Sawa," akasema Phylis.

Kwa msomaji asiyejua: imondo ni firigisi ya kuku. Kwa Waluhya, kuku anaweza kuliwa na kijiji kizima, lakini imondo ina mwenyewe, naye ni mwenye nyumba. Mwanamke hagusi. Mke akimwekea mwanamume imondo mbele ya wazee, amekwisha kutangaza nani kichwa cha nyumba ile, na baada ya hapo hakuna haja ya hotuba. Wakhungu angeila Jumapili mchana, na Jumatatu angeingia ofisini Kajiado akiwa mwenye nyumba.

Cindy aliisikia sawa ile, akamtazama mama yake, akasukuma sahani, akatoka nje. Alikaa kwenye ngazi hadi jogoo alipoacha kupiga kelele ndani ya kikapu.

Jumamosi walikwenda kwenye sherehe ya vyakula. Nisingependa mtu afikiri kwamba Phylis aliamua kujifurahisha. Kiwanda kiliwapa wafanyakazi wake tikiti tatu tatu, Cindy akasema twende, Wakhungu akasema kitu cha bure hakikataliwi, na Phylis mnajua alisema nini.

Sherehe ilikuwa kwenye bustani ya michezo ya tajiri mmoja aitwaye Nzomo, kabla hujafika Isinya. Nzomo alikuwa ameweka gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, gari moshi dogo la kuzungusha watoto, na twiga wa saruji mrefu kuliko tangi la maji. Siku hiyo alikuwa amepanga meza kumi na mbili chini ya maturubai. Kila mgeni alipewa kadi na penseli. Unaonja kidogo kwa kila meza, unapigiwa muhuri, kisha unatia alama: Tamu, Wastani au Haifai. Meza itakayopata Tamu nyingi itapewa kikombe.

Cindy alikimbilia gurudumu. Phylis na shemeji yake wakaanza meza ya kwanza.

Hapo kulikuwa na wanawake wa Kikamba na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Phylis aliweka kijiko mdomoni, akatafuna, akameza. Wastani. Meza ya pili, nyama choma na kachumbari, na mwenye meza akaapa kwamba nyanya na vitunguu vilitoka Kimana asubuhi ile. Wastani. Meza ya tatu, maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Wakhungu alikunja uso, akanywa, akakunja uso tena, akaomba ya pili. Phylis akatia Wastani. Pilau, wastani. Samaki wa kukaanga ambaye, kwa maelezo ya Wakhungu, hakuwa ameliona ziwa hata kwa picha, wastani. Uji wa wimbi, juisi ya ukwaju, mukimo wa viazi vya kupondwa, aisikrimu ya rangi ya waridi, vyote vikapata wastani. Aisikrimu ilimgandisha ulimi, na hakuona tofauti kubwa na jinsi ulivyokuwa kabla. Msichana aliyeigawa alimuuliza kama ameipenda.

"Ni sawa," akasema Phylis.

"Hata hujaimaliza, mum."

"Nimesema ni sawa."

Wakhungu naye alikuwa anaishi maisha yake. Aliuliza bei ya maturubai, alimsahihisha mpishi wa mukimo, alimweleza askari wa lango jinsi twiga angepaswa kujengwa. Na katikati ya meza moja na nyingine alirudi kwenye mpango wake. Jogoo achinjwe mapema, kabla ya kanisa. Cindy atapata shule kule kwao, ziko. Vitu vya nyumba viuzwe, ila kitanda. Phylis alitembea kando yake akiitikia kwa kichwa. Kama angemwambia apande juu ya yule twiga, nadhani angetafuta ngazi.

Wakafika meza ya kumi.

Kijana aliyeisimamia aliitwa Parmuat, Mmaasai wa kutoka Bisil, amevaa kofia ndefu nyeupe ya mpishi ambayo ilimteremkia machoni kila alipoinama. Mbele yake kulikuwa na sinia pana la alumini, na ndani ya sinia zilirundikwa firigisi zilizokaangwa kwa hoho na vitunguu. Si tatu, si kumi. Zilikuwa mamia. Mahali fulani Nairobi kuku mia kadhaa walikuwa wamekatwa mapaja yakaenda hoteli, na firigisi zao zikaletwa hapa kwa ndoo. Phylis alisimama. Tangu azaliwe alikuwa ameona imondo moja moja, katikati ya bakuli, mbele ya mwanamume mmoja. Sasa aliona wenye nyumba wa tarafa nzima wamelundikwa pamoja kwenye mafuta, na wanafunzi, na wake za maofisa, na mtoto aliyebebwa mgongoni, wanapewa kila mmoja ya kwake kwa kijiti cha meno.

"Karibu mathe," akasema Parmuat. "Firigisi hii. Iko na pilipili kidogo tu."

Akamtia Phylis kijiti mkononi kabla hajajibu, akampa na Wakhungu cha kwake.

"Kijana," Wakhungu akasema, "unajua unapeana nini?"

"Firigisi, buda."

"Na unapea wanawake?"

"Napea mtu yeyote ako na kadi."

"Hii si chakula ya wanawake! Hata wewe Mmaasai, kwenu nyama haina wenyewe?"

"Iko na wenyewe, mzee," Parmuat akasema kwa adabu, akiinua kofia machoni. "Iko ya wazee, iko ya wamama, iko ya layoni, wale vijana bado hawajatahiriwa. Lakini hapa ni kwa Nzomo. Kadi moja, kijiti moja."

Watu wa nyuma walianza kucheka. Wakhungu aliitia yake mdomoni ili kumaliza mjadala. Kisha akamgeukia Phylis, aliyekuwa ameshika kijiti bila kukiinua.

"Shemeji, usijiletee aibu," akasema kwa upole, akamwondolea kijiti vidoleni kama unavyomwondolea mtoto kisu, akala na hiyo pia. Aliitafuna mara mbili tatu, akameza, huku anaendelea kusema kuhusu jogoo na saa ya kuchinja.

Phylis alitazama vidole vyake. Vilikuwa na mafuta.

Kuna jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Katika ndoa yao ya miaka kumi na sita, kila kuku aliyechinjwa nyumbani mwao, Egessa aliletewa imondo yake mbele ya wageni kama inavyotakiwa, akaila polepole, akiipasua kwa kidole gumba. Wageni wakishanawa, alikuwa na tabia ya kuondoa sahani yake mwenyewe na kuipeleka jikoni. Wageni walimcheka, kwamba Nairobi imemharibu, mwanamume kubeba vyombo. Jikoni alifunga mlango kwa kisigino. Chini ya tonge la ugali lililobaki palikuwa na nusu ya imondo. "Fungua mdomo," alimwambia, na Phylis alitafuna ameupa mlango mgongo, akiogopa mama mkwe asije akaingia. Hawakuwahi kulizungumza. Hawakushikana mikono barabarani, hawakuandikiana barua, na Egessa hakuwa mtu wa kusema nakupenda. Alikuwa mtu wa kuacha nusu.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema Phylis.

Wakhungu alikuwa ameshapiga hatua kuelekea meza ya kumi na moja. "Nini?"

"Hiyo umekula. Ilikuwa yangu."

"Shemeji, hiyo ni imondo."

"Najua ni imondo. Najua ladha yake. Egessa alikuwa ananigawia."

Wakhungu aliangaza macho kuona nani amesikia. Foleni yote ilikuwa imesikia. "Usitukane marehemu," akasema chini chini. "Ndugu yangu hangeweza."

"Nusu. Kila kuku. Alikuwa ananilisha na mkono yake, nyuma ya mlango." Hakuipunguza sauti. "Na hiyo ploti ni hivyo hivyo. Tuliinunua wawili. Wewe hata kijiti moja hukuniachia, Wakhungu. Hukuuliza kama nataka."

Kumwita shemeji kwa jina lake tupu mbele za watu, hilo nalo halikuwa jambo dogo. Wakhungu alikitupa kijiti kitupu kwenye nyasi. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi Alhamisi, hakuwa na mpango.

"Ongea nyumbani," akasema mwishowe. "Jumatatu..."

"Jumatatu siendi Kajiado. Ploti haiuzwi. Wazee waje kesho, wakule, mimi ndio nitawaambia."

Parmuat, ambaye hakuelewa hata nusu ya mambo hayo lakini alielewa kwamba mama mmoja amenyang'anywa nyama yake, alichoma firigisi nyingine kwa kijiti na kumpa bila kuangalia kadi. Phylis akaitia mdomoni. Alitafuna. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa na chumvi mno, na pilipili ilimwingia puani.

"Haijaiva hii," akasema na mdomo umejaa.

"Pole mathe, ni haraka ya leo..."

"Haijaiva. Inachemshwa kwanza. Egessa angeirudisha jikoni." Na alipolitaja jina hilo, kitu kilichokuwa kimekaa juu ya kifua chake tangu Desemba kikaondoka, na maumivu yakaja yote kwa pamoja. Egessa hayupo. Hatarudisha kitu jikoni tena. Alikaa palepale kwenye nyasi, kanga ikimtoka kiunoni, akalia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, firigisi bado imo.

Wakhungu aliinama juu yake, akisema, "Shemeji, watu wanaona, shemeji."

Cindy alikuwa ameteremka kwenye gurudumu, bado ana kizunguzungu, alipoisikia sauti hiyo. Alijipenyeza kati ya watu hadi mbele, akamwona mama yake chini, uso umelowa, kamasi zinamtoka.

"Mama analia!" akasema. Alimwambia baba yake mkubwa, akamwambia Parmuat, akawaambia na watu wa foleni asiowajua, kwa furaha, kama anayetangaza kwamba mgonjwa ameomba uji. "Uncle, ona, mama analia!"

Kisha akapiga magoti, akamkumbatia, akaanza kulia naye, na watu wakapita kando yao kwenda meza ya kumi na moja.