Jino la Michelle na Paka wa Bi Kulthum

Patroba hutengeneza injini za boti kule Ras Kitau, Lamu, na hakuna injini iliyowahi kumshinda. Aliyemshinda ni Michelle, bintiye wa miaka sita, asubuhi jino lake la kwanza lilipobaki kwenye hamri alilokuwa akila.

Patroba alimweleza kwamba kwao Siaya mtoto hulirusha jino juu ya paa, akamwomba panya alichukue amletee jipya. Maneno matamu, ila mzee alisahau yuko wapi. Michelle aliangaza macho uani, kwenye paka watano waliolala.

"Baba, hapa Amu panya atoke wapi? Paka wamewamaliza."

Haya, mjibu basi! Mtoto akalifumbata jino, akasema harushi wala haendi shule, atabaki kibogoyo hadi uzeeni. Machozi yakafuata, ya kweli. Patroba roho ilimuuma, maana mtoto huyu huamini kila neno lake.

Bi Kulthum, mwenye nyumba anayekaa ghorofa ya juu, alikuwa akisikia yote. Ni mtu mzima, meno yamebaki mawili, ulimi mzima.

"Bwana Patroba, nani kakwambia panya aombwe? Panya ndiye aliwaye. Mwenye meno ni paka. Ndoo juu, mwanangu," akamwita Michelle apande.

Wakapanda hadi juu kabisa, penye banda la makuti. Michelle akasimama nje ya banda, akalirusha jino juu ya makuti kwa nguvu zake zote. "Paka, paka, twaa langu, nipe lako!"

Mara makuti yakachakarika, na paka akalia kwa sauti nzito. Patroba aliuona wazi mpini wa ufagio ukichokoa paa kwa ndani, na Bi Kulthum kajibanza nyuma ya nguzo, kanga mdomoni. Michelle alikwenda shule akirukaruka.

Mwezi haujaisha, ncha nyeupe ikachomoza. Mtaa mzima ulifunguliwa mdomo uchungulie, na Patroba akatembea kifua mbele, utadhani kalikaza jino mwenyewe kwa spana.

Jino la pili lilipong'oka, Michelle hakulirusha. Alipanda ngazi, akamtilia Bi Kulthum kiganjani.

"Rusha wewe, Bi. Wewe ndiye huna."

Bi Kulthum alilitazama lile jino, macho yakamlowa. Akatoka nje ya banda, akamwomba paka neno kwa neno, akarusha. Patroba naye, aliyemfuata mtoto juu, keshaunyakua ufagio, kajibanza nyuma ya nguzo ileile. Aliyachokoa makuti hadi vumbi likamwagika, akalia nyau moja iliyowaamsha paka wote watano uani.

"Ametwaa," Michelle akasema. "Sasa ngoja tu."

"Nangoja, mwanangu," akajibu Bi Kulthum, na tangu siku hiyo kila asubuhi hufungua mdomo, Michelle akachungulia.