Mkate wa Mgonjwa

Juzi, nikiwa kwenye duka moja hapa Likasi, mwanamke mmoja aliegemea meza ya muuzaji, macho mazito kwa usingizi, akaomba unga na levire, yaani hamira.

"Tena, mama? Ule mukate uliniletea jana ilikuwa muzuri sana," muuzaji akasema.

Mwanamke akatikisa kichwa. "Hapana. Mama yangu iko mugonjwa, anakatala chakula yote. Anataka tu mukate yake ya zamani, na alishasahau alikuwa anatia nini. Miye nimechoka kujaribu."

"Basi hakuli kitu?"

"Anakula. Kila mukate ninapika, anamaliza kipande nzima, juu ya kunionyesha fasi nilikosea."

Akabeba unga wake, akatoka akipiga miayo. Nilitaka kumwombea afaulu upesi. Nikaona afadhali achelewe kidogo.